Makaro Mawili kwa Nyumba ya Bahi

Nyemo mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakuona hapo uani kupitia dirishani, unaanua nguo na kuzikunja, na unazikunja vibaya kama kawaida yako. Ni saa kumi na kitu za jioni. Hii ni karatasi ya tatu. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilianza kama mahubiri, ya pili kwa sababu nilianza kujitetea kabla hujanishtaki. Katikati nimeinuka mara mbili kwenda kuangalia maharage, nikakuta hata moto sijawasha.

Kesho asubuhi unaondoka Kibakwe na baba yako kwenda mjini, Jumamosi ni harusi, na baada ya harusi wewe na Elia mnahamia Bahi kwa baba mkwe wako. Mambo ya jikoni sikuandikii. Ugali unausonga vizuri kuliko mimi, na mlenda wako hata majirani wanausifu mbele yangu bila aibu. Namna ya kuishi na mume watakuambia mashangazi siku ya Ijumaa. Watasema mengi, chukua mawili.

Mimi nina mambo mawili niliyoyakwepa. La kwanza uliniuliza mwenyewe wiki iliyopita, ukanionyesha kwenye simu ramani ya nyumba mtakayojenga Bahi: "Mama, karo la choo tuchague lipi?" Nikakujibu muulizeni fundi, nikaondoka kama mtu aliyeitwa. La pili ni lile la juzi mezani, uliposema utaingia kanisani ukiwa umeshikwa mkono na Mjomba Daudi, si na baba yako. Baba yako alikujibu, "Sawa, mama," akaendelea kula. Mambo haya mawili ni jambo moja, ndiyo maana siwezi kutulia.

Nianze na karo, hilo tanki la chini la kupokea maji ya choo, maana hapo angalau najua pa kuanzia.

Ramani yenu niliiangalia vizuri kuliko ulivyodhani. Choo kimoja kiko ndani ya chumba chenu, kingine kwenye korido karibu na chumba cha baba mkwe wako, na mabomba yote yanakutana kwenye chemba moja, kisha yanaingia kwenye tanki moja la plastiki. Elia anasema la plastiki linakuja tayari, siku moja kazi imekwisha. Ni kweli. Lakini Bahi si Kibakwe. Huku mlimani ukichimba unakutana na mwamba. Kule ukichimba wakati wa mvua unakutana na maji, ndiyo maana watu wanalima mpunga. Kuna mwalimu mmoja hapa bondeni alifukia tanki la plastiki akaliacha tupu akisubiri nyumba iishe. Mvua zikaja, na asubuhi moja akalikuta limepanda juu ya ardhi, limevunja mabomba, limelala uani kama ng'ombe mgonjwa. Kijiji kizima kilikwenda kulitazama. Nami nilikwenda, na nilicheka.

Kwa hiyo mkichukua la plastiki, lifungwe kwenye zege chini, na lijazwe maji siku hiyohiyo linapofukiwa. Mkijenga la matofali, liwe na vyumba viwili na lipigwe plasta ndani mpaka lisivuje hata tone. Kuna lile shimo moja refu la matofali ya kuachia nafasi, ambalo mafundi watawaambia halijai maisha. Msilikubali. Halijai kwa sababu linavujia kwenye kisima cha jirani. Maji yanayotoka kwenye karo nayo yatafutieni pa kwenda: chimbeni kishimo, mwageni ndoo ya maji, mkae muone ardhi inayanywa kwa muda gani. Na msilifiche karo nyuma kabisa ya kiwanja kwa aibu, maana siku gari la kunyonya litakapokuja halitapita juu ya majaruba ya mpunga. Ukubwa wake hesabuni watu wa nyumba, halafu mwongeze watu wa msiba.

Hayo fundi yeyote anayejiheshimu atawaambia. Lililobaki atalisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama alivyoniambia mimi fundi wangu.

Nimeinuka tena. Nimefunga mlango, nimeufungua. Nimerudi.

Tulipojenga nyumba hii wewe ulikuwa kidato cha pili, bweni. Tulikuwa tumeishi Ipagala, kule mjini, miaka yote, baba yako akiendesha gari la ofisi, mimi nikipika chai na kufanya usafi kwenye ofisi za watu. Nilikuwa nikisugua vyoo vya wakubwa, vyeupe, vyenye vigae hadi darini, na nilijiapiza kwamba siku moja nitakuwa na changu, ndani ya nyumba, chenye mlango wa kufunga kwa funguo. Usicheke. Wenzangu walikuwa wanaota magari.

Baba yako alibaki kazini, akawa anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mimi nikarudi huku kusimamia ujenzi, kwenye kiwanja cha babu yako. Babu alikuwa na choo chake cha shimo nyuma ya zizi, peke yake. Wanawake tulikuwa na kingine. Kwa kina baba yako ndivyo ilivyo: baba mkwe na mke wa mwanawe hawaingii choo kimoja, na zaidi ya hapo, walichoacha hakikutani hata chini ya ardhi. Nililijua hilo tangu nilipoolewa. Lisome tena, tafadhali: nililijua, wala sikuwa mgeni.

Choo cha babu kilikuwa kimeanza kutitia. Nikaamuru kifukiwe, na cha wanawake pia, kiwanja kisafishwe, kila mtu atatumia vya ndani. Fundi wetu, Chilewa, mtu wa maneno machache, alisimama na kamba yake ya kupimia mkononi akaniuliza, "Mama Nyemo, nichimbe mawili?"

"Mawili ya nini?"

"Hapa kuna mzee."

"Fundi, chimba nilichokwambia."

Akapiga vigingi vyake, akaanza kuchimba. Siku mbili baadaye akaja Shangazi Mwaja, dada wa baba yako, na kisado cha karanga. Alikaa jikoni akazungumza mvua, akazungumza kwaya, akazungumza ng'ombe wa jirani yake aliyezaa pacha. Nikajua ametumwa, maana mtu hatembei mwendo ule kwa ajili ya ng'ombe wa jirani. Mwishoni akasema, "Wifi, mzee anaipenda sana nyumba. Anasema tu mabomba yasikutane."

Nikacheka. Nikamwambia, "Wifi, mabomba hayana ukoo."

"Hayana. Lakini yeye anao. Hawezi kukwambia wewe mwenyewe, ndiyo kanituma. Mwambie kaka."

"Nitamwambia."

Jumamosi baba yako akaja. Akaweka nyama mezani, akatoka kwenda kuangalia shimo, akarudi akiwa na vumbi kwenye viatu vyake vya kazi. Akaniuliza, "Mzee amesema chochote?"

Nikasema, "Hajasema."

Hilo ndilo neno lenyewe, Nyemo. Nimezunguka kurasa zote hizi kulifikia, na ni neno moja. Wakati ule nilijiambia sijadanganya, kwa kuwa kweli mzee hakusema, aliyesema ni shangazi. Unaona nilivyokuwa na akili?

Umenifundisha wewe mwenyewe kuuliza kwa nini, tangu ukiwa mdogo na maswali yako yasiyokwisha. Basi, saruji iliyobaki nilikuwa naitaka kwa ajili ya baraza. Fundi alikuwa na kazi nyingine inamsubiri. Hizo ni sababu, lakini si yenyewe. Yenyewe ni kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mkwe. Nilichoka kupiga magoti, kuinamisha macho, kuzunguka nyuma ya nyumba ili nisipite mbele ya mzee. Niliona angalau huko chini ya ardhi niachiwe nifanye ninavyotaka. Mpaka leo naamini nilikuwa na haki ya kuchoka. Haki ya kumeza ujumbe wa mtu sikuwa nayo.

Babu hakugomba. Tulipohamia alisifu sakafu, akasifu madirisha, akaomba kiti chake kikae barazani. Halafu nikaanza kuona sahani yake inarudi ikiwa nusu. Nikanuna. Nikadhani hataki chakula changu. Nikaongeza chumvi, nikapunguza chumvi, nikamteta kwa majirani. Chai alikuwa anaionja tu, anaiacha ipoe. Asubuhi, kabla ng'ombe hawajatolewa zizini, alikuwa anachukua fimbo yake na kushuka korongoni, na mimi nikawa nadhani anakwenda kuangalia miwa.

Ulipokuja likizo ulimkuta amekonda. Ukaniuliza, "Mama, babu ana nini?" nikakujibu, "Uzee." Siku ile nilikuwa sijajua bado, naapa. Nilikuja kujua zahanati, baada ya wewe kurudi shule. Daktari alimbinya ngozi ya mkono akamuuliza, "Mzee, maji hunywi?" Babu akanitupia jicho kidogo, kwa pembeni, akasema, "Nasahau, mwanangu."

Mzee aliyekumbuka majina ya ng'ombe wake wote tangu ujana wake, anasahau maji. Hapo kichwa changu kikafunguka. Alikuwa anajinyima chakula na maji ili asihitaji choo, na akihitaji, anashuka korongoni kwa goti lake bovu. Na pale mbele ya daktari alikuwa ananisitiri mimi.

Kesho yake nilichukua sururu nikaanza kuchimba mwenyewe chini ya mpera. Nikamwambia babu ni shimo la takataka. Nilipofika kiunoni nikakutana na mwamba, nikaendelea kuupiga, viganja vinatoka damu, jirani anachungulia juu ya ua akidhani nimepandwa na kitu. Mwanangu, ningempigia baba yako simu angekuja na mafundi, kazi ingekwisha. Lakini kumpigia kulikuwa na maana ya kumweleza. Nikaona bora mwamba.

Siku ya nne babu aliteleza korongoni akavunjika nyonga.

Subiri kidogo, nikanywe maji.

Yaliyofuata unayajua, au unadhani unayajua. Alitoka hospitali akapelekwa kwa Shangazi Mwaja, kwa sababu kule kulikuwa na choo ambacho angekubali kusaidiwa kukitumia. Akafia kule, si kwenye nyumba aliyoisifu. Baada ya maziko wazee wa ukoo walikaa kuuliza imekuwaje mtu mwenye nyumba mpya afie kwa binti yake. Wewe ulikuwa umekaa karibu na mlango pamoja na wanawake, umevaa lile gauni la shule kwa kuwa hukuwa na jingine jeusi. Ulimsikia kwa masikio yako baba yako akisimama na kusema, "Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyechagua karo moja. Mzee alisema, nami sikusikiliza."

Tangu siku ile unamwamkia "Shikamoo baba" huku unaangalia ukuta. Ni miaka minane sasa. Chimwaga, siku ulipohitimu chuo, ulimpa joho alishike, ukaenda kupiga picha na mimi.

Hakuchagua yeye karo lile. Hata hakuambiwa. Shangazi alimweleza ukweli asubuhi ya maziko, naye akanifuata stoo nilikokuwa napima mchele wa msiba, akafunga mlango. Nikajua amejua. Nilisubiri anipige, hajawahi kunipiga maishani, lakini nilisubiri. Akasema, "Usiseme kitu mbele ya wazee. Mimi ni mtoto wao, watanigombeza yataisha. Wewe umekuja kwa ndoa, hawatakusahaulia mpaka unakufa."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Asante." Kama mtu aliyeachiwa kiti kwenye basi.

Wazee kweli walimgombeza, na kweli yakaisha. Kitu ambacho hakukihesabu ni wewe. Mara mbili nilitaka kukueleza. Mara ya kwanza ulikuwa na mitihani ya kidato cha nne. Mara ya pili ulikuwa umepata chuo, nyumba ina furaha, nikasema nisiharibu. Na kuna baya zaidi ambalo sijamwambia hata mchungaji: nilipenda kuwa nawe peke yangu. Ulipoacha kumsimulia baba yako mambo yako, ukawa unanisimulia mimi. Zile simu zako ndefu za Jumapili, mimi ndani nacheka, yeye barazani anajifanya anasikiliza redio. Nilikuwa nakula cha mwenzangu, na nilishiba.

Lile karo la pili chini ya mpera alilijengesha yeye, mwezi mmoja baada ya msiba. Aliwaleta mafundi wakaumalizia ule mwamba wangu. Nilimuuliza, "La nani sasa?" Akasema, "La mzee." Limekaa hivyo, halijawahi kuunganishwa na bomba lolote, na kila mwaka kabla ya mvua analifagia mfuniko.

Sasa turudi Bahi, nisije nikalia juu ya wino. Sijui kama baba mkwe wako anashika mambo haya. Elia anasema baba yake ni mtu wa kisasa. Na sisi tulisema hivyohivyo kuhusu babu, kwa kuwa alikuwa na redio na kalamu mfukoni. Labda mzee wa watu atacheka, aseme wekeni hata nusu karo. Lakini aulizwe kabla shimo halijapigwa kigingi, na usimuulize wewe. Atakujibu "hamna shida, mwanangu," na hutajua kamwe. Mtume dada wa Elia, aende na kitu mkononi, akae, azungumze mvua kwanza. Jibu likija, lolote liwalo, lifikishe kwa Elia siku hiyohiyo kwa mdomo wako, hata kama limekuudhi, na hasa kama limekuudhi. Ukitaka kununa, nuna baada ya kulifikisha. Wakihitaji makaro mawili, jengeni mawili, vigae vya jikoni vitasubiri.

Najua umesoma. Unaweza kunieleza habari za vijidudu na maji na kwamba huko chini hakuna baba mkwe wala mkwe. Nakubali yote. Babu hakuniomba niamini kitu. Aliomba shimo.

Simwombi mtu yeyote anihurumie, na wewe usianze. Barua hii nilipanga kuichomeka kati ya vitenge vyako uje uikute Bahi, ukiwa umeshaolewa, mbali na mimi. Nilijiambia ni kwa ajili ya kukuacha uondoke kwa amani. Uongo. Ulikuwa woga wangu uleule wa stoo. Ukiikuta Bahi, Jumamosi itakuwa imepita na Mjomba Daudi ameshakuingiza kanisani. Kwa hiyo nakuja kukupa mkononi sasa hivi, nikimaliza mstari wa mwisho, kabla miguu haijabadili mawazo. Baba yako hajui kwamba naandika. Angejua angeniambia niache.

Ukishasoma usije jikoni. Ukija nitalia, utanibembeleza, na itakuwa tena ni habari yangu mimi. Hasira yako nitaikuta hata kesho, hata mwakani, sitaikimbia. Mjomba Daudi nitampigia mimi, hilo si kazi yako.

Baba yako yuko nyuma ya banda la kuku, anapiga misumari kwenye mlango ambao hauna tatizo lolote. Juzi ulipoinuka mezani aliirudisha kabatini suti aliyoishonesha kwa ajili yako, akaniuliza kama baba ambaye haingii na binti yake anaweza kuvaa shati tu. Nilimjibu sijui. Nenda kamwambie avae suti.

Mama yako